Helpa Yenye Inajua Mtaa

Jumapili saa kumi jioni Lurambi huwa imepoa. Wasee wa chuo cha MMUST wako keja wanafua, madere wa boda wamejipanga kwa steji, na mi niko kwa kibanda, chapo madondo mezani, laptopu magotini, nangoja mathe wa chama aniletee daftari. Ni ile daftari ya kava ngumu: majina, namba za simu, doh ya kila wiki. Kazi ukiiskia ni rahisi. Toa stori kwa karatasi, ingiza kwa kompyuta, kila memba apate ombi la malipo kwa simu yake.

Nilijua pesa ndio itanisumbua. Kumbe ni namba za simu.

Cheki venye zilikuwa. Memba mmoja ameandika 07. Mwingine ameanza na +254. Mwingine yake inaanza na 7 tu, juu list ya kwanza ilipitia Excel, na Excel ikimeet sifuri mbele ya namba huimeza, inadhani ni hesabu. Kuna mwenye ameacha nafasi kila digiti tatu, na kuna mwenye ana laini mpya ya 01. Mtu akiziona zote anaelewa. Lakini Daraja, ile njia Safaricom hutumia kuunganisha programu za madevelopa na M-Pesa, inataka namba ikuje na form moja: 254 mbele, digiti tisa nyuma, zote 12, bila plasi, bila nafasi.

Basi kila pahali namba ilitokea, nikachapa mistari ya kuisafisha. Kwa kusajili memba. Kwa kuitisha malipo. Kwa meseji ya kukumbusha watu. Kazi ni moja, nimeiandika mara tatu, na kila mara tofauti kidogo. Ile ya tatu nikasahau laini za 01. Wenye laini hizo hawakupata meseji, na mathe mmoja akapigwa faini ya soo kwa kosa lenye halikuwa lake. Niliirudisha hiyo soo kutoka kwa mfuko wangu, lakini kilichoniuma ni venye aliilipa bila kuuliza, akidhani amesahau.

Hapo ndio nilishika: kazi ndogo yenye inarudi kila siku inataka nyumba yake.

Posho mili

Nyumba hiyo madevelopa huiita klasi ya helpa. Ifikirie kama posho mili ya kijijini. Unaleta mahindi yako, unasagiwa, unabeba unga wako unaenda kusonga ugali. Mashine haikuulizi ugali ni wa kuku ama wa mrenda, na haibaki na mahindi yako ikamchanganyia jirani. Helpa fiti iko hivyo. Inapokea kitu, inarudisha kitu, haikumbuki mtu.

Lugha ya Java yenyewe imejaa hizo. Math ni mfano: huundi Math mpya, konstrakta yake imefungwa kabisa. Unaita tu Math.max, unapeana namba mbili, unarudishiwa kubwa. Ukifungua java.util unapata Arrays, Collections na Objects, zote zimekaa hapo zikingoja kazi za kila siku. Kabla uandike yako, angalia kama iko tayari. Hakuna sifa kwa kupanga safu upya wakati wenzako walishaipanga na wakaitesti miaka.

Lakini namba zetu, majina yetu na masaa yetu, hizo klasi za ng'ambo hazijui. Hiyo ni kazi yetu.

So nikafungua klasi, nikaiita Simu. Metodi ni moja, safisha. Inatoa nafasi, vistari na plasi. Zikibaki digiti kumi zenye zinaanza na 07 ama 01, inabadilisha sifuri na 254. Zikibaki tisa zenye zinaanza na 7 ama 1, inaongeza 254 mbele. Zikiwa 12 na zinaanza na 2547 ama 2541, inaziacha. Kitu kingine chochote inakataa waziwazi. Haibahatishi, juu ukibahatisha namba unaweza kuitishia mtu mwingine doh.

Jina la mtu

Daftari ilikuwa imeandikwa kwa herufi ndogo zote, so nikataka herufi ya kwanza ya kila jina ikuwe kubwa. Hapo nikajaribu Python, lugha ingine ya programu, yenye iko na metodi inaitwa title. Nikaipea ng'ang'a, ikanirudishia Ng'Ang'A. Nikaipea nyang'ori, ikasema Nyang'Ori. Inadhani alama ya ng' ni mwisho wa neno, na chenye kinafuata ni neno jipya. Hii si siri, dokumentesheni ya Python inasema hivyo wazi. Helpa ingine ya Python, capwords, ndio inatatua, juu yenyewe inagawa maneno kwa nafasi peke yake.

Metodi ya title haikuandikwa ikifikiria ng'. Sisi tunayo kwa ng'ombe na kwa majina ya majirani wetu. Kama sisi hatutaiandikia nyumba, nani ataiandikia?

Saa za wapi?

Ya mwisho ni saa. Server nyingi hufuata saa ya UTC, na Kenya iko mbele masaa matatu. Memba akilipa saa saba na nusu usiku, tarehe moja, server bado iko jana saa nne na nusu. Ukihesabu mwezi na saa ya server, huyo amelipia mwezi wenye umeisha. So klasi ya Saa inageuza kwanza kuwa saa ya Nairobi, ndio mambo ya tarehe yafuatie. Na juu mathe zetu husema saa moja asubuhi, si saba, metodi ya pili inaongeza sita, inagawa kwa 12, inachukua baki. Baki ikiwa sifuri, hiyo ni saa kumi na mbili.

Usiifanye stoo

Sasa skia, msee wangu. Usifungue klasi moja uiite Utils halafu utupe kila kitu ndani. Mwaka ukiisha hakuna mtu anajua nini iko wapi. Simu ikae na mambo ya simu, Saa na ya saa. Sheria ya faini ni ya chama, ikae kwa chama.

Na usidharau udogo wake. Machi 2016, developa mmoja aliondoa left-pad kwa npm, pahali madevelopa wa JavaScript huchukua kodi za wenzao. Ilikuwa kahelpa ka mistari 11 ka kujaza nafasi mbele ya maneno. Miradi mingi duniani, hadi mikubwa kama Babel, ikagoma kujengeka. So kila helpa yangu iko na testi: 07, 01, plasi, nafasi, ng', saa saba usiku.

Jumapili iliyofuata niliprinti list mpya, nikampea mathe wa ile faini. Alipitisha kidole polepole mpaka kwa jina lake, ng' zake zote mbili zikiwa zimekaa poa. Dakika hiyo hiyo simu yake ya 01 ikalia. Ni meseji ya chama.