Jangwa Huanzia Shambani

Kila mwaka, kati ya Januari na Machi, jua la kiangazi huikausha ardhi ya Kitale na Bungoma, nao upepo hutimua vumbi. Nasikia wengi wakidai kwamba jangwa la Turkana linatujia. Sikubaliani nao. Lodwar iko takriban mita 500 tu juu ya usawa wa bahari, ilhali Kitale iko karibu mita 1,900. Joto lile ni la bondeni. Jangwa letu twalitengeneza wenyewe tunapochoma mabua ya mahindi baada ya mavuno na kuuacha udongo uchi mbele ya upepo. Mabua yakiachwa yaufunike, huhifadhi unyevu hadi msimu wa kupanda. Wakulima wenzangu, kirudisheni kiberiti jikoni.