Picha ya kalavati ipelekwe wapi?

Juma hili nimepata swali kutoka kwa kijana mmoja wa Muze, kule bondeni Rukwa, chini ya Lyamba lya Mfipa. Anasema wakulima wa mpunga wa kwao wana kundi la WhatsApp lenye watu mia na ushee. Kalavati la njia ya mashambani limebebwa na maji, na picha wanazo. Anauliza: "Shikamoo kaka. Hizi picha tukizirusha mitandaoni tutasikilizwa, au tutakamatwa?"

Marahaba. Swali lako ni mawili ndani ya moja, na yote mawili yana majibu katika mambo yaliyokwisha kutokea.

Tuchukue Loliondo. Mwaka 2012 shirika la Avaaz, ambalo kazi yake ni kuendesha kampeni kwa njia ya intaneti, lilianza kukusanya saini duniani kote kupinga Wamasai kuondolewa katika ardhi yao. Ubishi ulikuwa juu ya eneo la kilometa za mraba 1,500. Saini zikapita milioni mbili. Septemba 2013 Waziri Mkuu wa wakati huo, Mizengo Pinda, jirani yetu wa Mpanda, alikwenda Loliondo akawaambia wananchi kwamba mpango ule umeachwa. Novemba 2014 Rais Kikwete naye akaandika kwenye Twitter kwamba Serikali haijawahi kuwa na mpango wa kuwahamisha, wala haitakuwa nao. Mtu akisoma hapo akafunga gazeti, atasema intaneti imeshinda.

Lakini Juni 2022 eneo lile lile la kilometa za mraba 1,500 likapigwa vigingi chini ya ulinzi wa polisi. Serikali ilisema inalinda vyanzo vya maji na mapito ya wanyama. Askari mmoja aliuawa, wananchi walijeruhiwa, wengine wakavuka mpaka kwenda Kenya kutibiwa. Zile saini milioni mbili zilikuwa wapi? Zilikuwa zimekwenda kwenye kampeni nyingine. Mtu wa Ulaya aliyebofya mara moja akiwa anakunywa kahawa hana shamba Loliondo, wala hana kura huko. Saini yake iliwapa wenyeji muda, na muda si kitu kidogo. Ila haikuwapa hati.

Sasa tuwatazame jirani zetu wa Kenya, Juni 2024. Vijana waliupinga Muswada wa Fedha uliokusudia kukusanya shilingi za Kenya bilioni 346 zaidi. Wengi wanakumbuka maandamano tu. Mimi nilivutiwa na kazi iliyotangulia. Walichukua muswada mgumu wa kisheria, wakaueleza kifungu kwa kifungu kwenye TikTok, wengine kwa lugha za makabila yao, hata bibi wa kijijini akajua mkate wake unaguswa wapi. Wakasambaza namba za simu za wabunge, kila mpiga kura akamwandikia mbunge wake mwenyewe. Michango ya matibabu ikapita kwenye M-Pesa. Juni 25 Bunge likavamiwa, na kesho yake Rais Ruto akatangaza kwamba hatautia saini muswada ule. Gharama yake ilikuwa makumi ya vifo, na wapo waliochukuliwa majumbani mwao. Hilo lisipambwe.

Tofauti iko hapo, ndugu yangu wa Muze. Ujumbe wa mtu mmoja anayejulikana, uliotumwa kwa kiongozi anayemtegemea kwa kura, una uzito kuliko kelele za watu elfu wasiojulikana watokako.

Nije kwenye kukamatwa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, katika kifungu cha 16, ilifanya kuwa kosa kusambaza habari za uongo kwa nia ya kupotosha, na adhabu iliwekwa faini isiyopungua shilingi milioni tano, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Nao wanaokosoa kwa ukweli wamekuwa wakiilalamikia, nami naona wana haki ya kulalamika. Kwa hiyo picha iwe ya kalavati lenu, si ya Kongo iliyookotwa mahali. Iwe na tarehe. Matusi kwa mtendaji yaachwe, hayamwagi zege. Na kundi lenu lisitegemewe peke yake. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Aliyekuwa na namba za wenzake katika daftari aliwapata. Aliyezitegemea WhatsApp tu alibaki anatazama kioo. Tena katika hao wakulima, wangapi wana kitochi tu?

Mnacho chombo kingine ambacho hakihitaji bando. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, mkutano mkuu wa kijiji hauna budi kuitishwa kila miezi mitatu. Pelekeni kalavati huko, liingie katika muhtasari, na muhtasari ule ndio mpigwe picha na kusambaziwa diwani na mbunge pamoja na picha za mafuriko. Ubishi utapungua, maana si maneno ya kijana mmoja tena.

Aidha, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia ruhusa ya kuuliza ofisi ya umma, kwa maandishi, kalavati limetengewa fedha kiasi gani na zimefikia wapi. Barua ipelekwe kwa mkono, nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa, nayo ipigwe picha papo hapo. Ofisi ina siku zisizozidi 30 za kujibu, na zinahesabiwa tangu siku ya muhuri ule.