Je, Wajua? Maajabu ya Nyaya Nyuma ya Wufa Yako

Wewe wa Makongeni, wewe wa Kihunguro, na wewe unayesoma haya ndani ya matatu pale Githurai: umewahi kuchungulia nyuma ya wufa yako? Kule kwenye vumbi na mafundo ya nyaya kuna mambo! Haya, shika moja baada ya jingine.

Je, wajua dhahabu hupitisha umeme vibaya kuliko shaba? Ndiyo, vibaya! Huuzuia umeme kuliko shaba kwa asilimia 45 hivi. Pini hupakwa dhahabu kwa sababu haishiki kutu, basi. Ukiambiwa dhahabu "inaongeza besi", cheka tu, uende zako.

Je, wajua wimbo unaoucheza kwenye intaneti huenda umepita chini ya bahari? Kebo ya TEAMS ilitua Mombasa mwaka 2009 kutoka Fujairah, urefu wa kilomita 5,000 hivi, na humo ndani muziki husafiri ukiwa mwanga. Unavuka bahari salama salimini, kisha unakuja kukwaruza kwenye waya wa aux wa nusu mita uliolegea. Aibu iliyoje!

Je, wajua ukipiga kelele Thika, sauti ingehitaji kama dakika 2 kufika Nairobi? Ndani ya waya, sauti hiyohiyo ingefika kwa sehemu 1 kati ya 5,000 ya sekunde. Basi usikose usingizi eti waya wa spika ya kushoto umezidi wa kulia kwa mita moja. Hakuna sikio duniani litakalojua.

Je, wajua unaweza kuipoteza besi yote bila kuharibu chochote? Geuza nyaya za spika moja tu, nyekundu iende kwa nyeusi. Spika moja itasukuma hewa, nyenzake itaivuta, na besi zitauana hapohapo sebuleni. Dawa yake ni shilingi 0: zirudishe!

Je, wajua waya wa spika wa milimita za mraba 0.75 huwa na nyuzi 24, kila moja unene wa milimita 0.2? Uzi mmoja tu ukitoroka ukagusa tundu la pili, amplifaya yapiga shoti. Zisokote vizuri kabla ya kuingiza, umesikia?

Je, wajua waya mwembamba hula muziki? Uvute huo wa 0.75 mita 10 hadi kwenye spika ya omu 4, na sehemu 1 hivi kati ya 10 ya nguvu itaishia kupasha waya joto. Weka wa 2.5, hasara inashuka hadi asilimia 3 hivi. Na huo unaupata kwa duka la hadiwea, bila jina kubwa wala sanduku la kung'aa.

Je, wajua kuna waya unaovaa shaba kwa nje huku moyoni ni alumini? Alumini hupitisha umeme kwa asilimia 60 hivi tu ya shaba. Kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukiona weupe, umeuziwa mgeni.

Je, wajua ule mvumo wa "hmmmm" kwenye spika ni umeme wa nyumba yako unaimba? Umeme wa Kenya hupiga mara 50 kwa sekunde, na sikio lako husikia kuanzia mara 20. Jaribu kuchomeka runinga na amplifaya kwenye ekstensheni moja. Mara nyingi mvumo hupungua.

Na umeme wenyewe? Mwaka 1925 kituo cha Ndula kilianza kuzalisha umeme kwa maji ya Mto Thika. Ni mto uleule unaopokea maji ya Chania. Huenda babu yako alivua samaki juu ya mvumo huo!

Je, wajua sindano ya santuri hutoa volti 0.005 hivi tu? Soketi ya ukutani ina volti 240, yaani mara 48,000! Ndiyo maana waya wa sauti haulali kitanda kimoja na waya wa umeme. Zikilazimika kukutana, zivukane msalaba.

Je, wajua kwa nini spika hulia "tit-tirit-tit" sekunde chache kabla ya simu kuita? Simu inayoongea na mnara kwa 2G hupiga mapigo 217 kwa sekunde, na waya wa spika huyanasa yote. Waya wako ni antena, bwana!

Je, wajua kampuni iliyotoa pini za RCA ilinunuliwa na General Electric mwaka 1986? Kampuni imekwenda, pini imebaki, na ipo nyuma ya dikoda tulizonunua runinga za zamani zilipozimiwa mitambo mwaka 2015. Nyeupe ni kushoto, nyekundu ni kulia, manjano ni picha. Siri: nyeupe ikikatika, ya manjano itabeba sauti vizuri tu!

Je, wajua jeki nene ya gitaa la benga, ile ya milimita 6.35, ni mtoto wa karne ya 19? Ilitumiwa kwanza na waliokuwa wakiunganisha simu kwa mkono. Ni kongwe kuliko reli ya Mombasa!

Je, wajua maikrofoni ya kanisani hutuma sauti ileile mara mbili, moja ikiwa imepinduliwa? Pini 3 za XLR zinafanya kazi hiyo. Mwishoni iliyopinduliwa hugeuzwa tena, sauti zinajumlishwa, na makelele ya njiani yanafutana yenyewe.

Je, wajua kuna waya wa sauti usio na umeme hata chembe? Toshiba waliutoa mwaka 1983, na hubeba muziki kwa mwanga mwekundu. Mvumo hauna pa kupitia!

Je, wajua muziki wa wati 600 kwenye matatu ya betri ya volti 12 hudai ampea 50? Nyumbani, kwa volti 240, ni ampea 2.5 tu. Sasa umejua kwa nini nyaya za betri ya nganya ni nene kuliko kidole.

Je, wajua ule moshi wenye harufu tamu kwa fundi wa redio akichoma lehemu hautokani na chuma? Ni utomvu wa msonobari. Hata hivyo, usiuvute.

La mwisho, la bure kabisa: zima wufa, chomoa pini zote, zirudishe ukizizungusha mara tatu. Kutu laini inakwanguka, sauti inafunguka. Fanya leo jioni, kisha uniambie jirani amegonga ukuta saa ngapi!