Majani ya Ng'ombe Nayo Yataka Mbolea

Chai ya maziwa inayonywewa Majengo, mjini Meru, huanzia katika majani. Katika vilima vilivyo karibu na mji huo mashamba ni madogo, na ng'ombe wengi wa maziwa hawaendi malishoni. Hukaa bandani na kuletewa majani ya nepia yaliyokatwa. Jambo hili ni jema, lakini lina hatari isiyoonekana upesi.

Ng'ombe alishapo malishoni huacha mavi na mkojo pale pale. Nepia hukatwa na kuchukuliwa mpaka bandani, na pamoja nayo huchukuliwa chakula cha udongo, hasa naitrojeni na potasiamu. Mara nyingi samadi ya bandani hupelekwa katika kahawa au mahindi, na nepia haipati kitu. Hatimaye mashina hudhoofika, majani huwa ya manjano, na maziwa hupungua. Mwenyewe humlaumu ng'ombe, kumbe shamba ndilo lenye njaa.

Dawa yake haihitaji fedha nyingi. Kwanza, samadi na mkojo virudishwe katika nepia baada ya kukata, navyo vifukiwe katika mifereji midogo kati ya mistari. Samadi ikiachwa juani, naitrojeni hupotea hewani; ikinyeshewa, huchukuliwa na maji. Kwa hiyo lundo lifunikwe. Pili, awezaye kununua mbolea ya CAN aitie wakati wa mvua, udongo ukiwa na unyevu. Tatu, nepia ikatwe ifikapo kimo cha mita 1 hivi, na yaachwe mashina ya sentimita 10 hadi 15 ili yachipuke tena.

Tena uko mti wa kaliandra, ambao watafiti waliujaribu pamoja na wakulima wa Embu katika miaka ya 1990. Hupandwa mipakani na kwenye kingo za matuta, na vijidudu vya mizizi yake huvuta naitrojeni ya hewa. Ilionekana kwamba kilo 3 za majani yake mabichi zaweza kushika mahali pa kilo 1 ya chakula cha ng'ombe cha dukani.

Mali bila daftari huisha bila habari. Shamba la nepia nalo lina hesabu yake: kinachotoka kwa panga hakina budi kurudi kwa beleshi.