Kwa Nini Lamu Haikupinduka

Jamii za pwani ya Afrika Mashariki ziliingia katika utawala wa kikoloni zikiwa tayari na matabaka yake, na kwa hiyo historia ya mapinduzi katika pwani hiyo haielezeki kwa kumtazama Mwingereza na mtawaliwa wake peke yao. Unguja na Lamu zilifanana kwa mengi: miji ya mawe, dini moja, Sultani mmoja, watumwa waliolima mashamba ya mabwana zao, na Waingereza waliotawala kwa kuwapitia maliwali na makadhi. Hata hivyo, tarehe 12 Januari 1964 Serikali ya Unguja ilipinduliwa kwa silaha na damu nyingi ikamwagika, ilhali Lamu, iliyokuwa imeingia katika Kenya huru mwezi mmoja tu kabla, haikuona jambo la namna hiyo. Sehemu kubwa ya sababu imo katika yale yaliyotokea katika visiwa vya Lamu na bara yake kati ya 1890 na 1935, miaka inayozungumzwa kwa nadra kwa kuwa haikuwa na vita vikubwa wala viongozi waliotajwa magazetini.

Lamu ya karne ya 19 ilikuwa imesimama juu ya ushindi. Baada ya kuwashinda watu wa kisiwa jirani cha Pate na Wamazrui waliotawala Mombasa katika Vita vya Shela, karibu na mwaka 1812, watu wa Lamu walimwomba Sayyid Said wa Oman awalinde, na chini ya ulinzi huo mji ukatajirika. Waungwana, yaani zile koo za wenyeji zilizojihesabu kuwa ndizo mji wenyewe, walikaa Mkomani, upande wa kaskazini, katika nyumba za mawe zenye daka mlangoni, ambapo mgeni alipokewa na kuzungumzishwa bila kupita ndani, na zenye kuta zilizochongwa zidaka vya kuwekea vyombo vya China. Kusini, Langoni, zilikuwa nyumba za udongo na makuti, makao ya wageni kutoka Hadhramaut na Ngazija pamoja na watu wa daraja la chini. Mtumwa alijulikana kwa mavazi kabla hajafungua mdomo, maana viatu na kofia vilikuwa vya waungwana. Ng'ambo ya maji, bara, watumwa walilima mtama, ufuta na minazi katika mashamba ambayo wenyewe waliyatembelea kwa msimu, na mazao hayo ndiyo yaliyojaza majahazi ya Arabuni.

Utaratibu huo haukukubaliwa na wote. Watumwa waliotoroka, walioitwa watoro, walikimbilia misitu ya Witu, huko bara, ambako Ahmed wa ukoo wa Nabahani, maarufu kwa jina la Simba, alikuwa amehamisha utawala wa Pate baada ya kushindwa na majeshi ya Unguja. Sultani aliyefukuzwa na watumwa waliotoroka wakawa dola moja, muungano wa ajabu wa watu ambao adui wao alikuwa mmoja. Mwaka 1885 Simba alijiweka chini ya himaya ya Wajerumani kwa njia ya akina Denhardt, ndugu wawili wafanyabiashara, lakini mwaka 1890 Ujerumani iliikabidhi Witu kwa Uingereza bila kumshauri Fumo Bakari aliyekuwa akitawala wakati huo. Septemba ya mwaka huohuo Mjerumani Andreas Küntzel na wenzake waliuawa Witu, na mwezi uliofuata manowari za Uingereza zikashusha askari, na mji ukachomwa moto. Mapambano yaliendelea kwa miaka kadhaa chini ya Fumo Omari, aliyeshika uongozi baada ya Fumo Bakari, kisha yakazimwa. Kwa Lamu, pigo hilo lilikuwa na maana kubwa kuliko inavyodhaniwa, kwani Witu ndiyo iliyokuwa kimbilio la upinzani wa silaha, wa wakubwa na wa wadogo kwa pamoja.

Kisha ikaja sheria ya 1907, iliyofuta hadhi ya kisheria ya utumwa. Sheria hiyo, iliyokuja miaka 10 baada ya ile ya Unguja, haikumtangaza kila mtumwa kuwa huru. Ilichofanya ni kuzizuia mahakama zisimtambue mtu kuwa mali ya mwingine, hata mtumwa akiondoka bwana wake asiweze kumrudisha kwa nguvu, na bwana aliyethibitisha hasara yake alilipwa fidia. Masuria waliachwa nje hadi 1909, jambo linaloonyesha ni nyumba za nani ambazo Serikali iliogopa kuzivuruga. Mashamba ya bara yaliachwa na wakulima wake, nayo reli iliyotoka Mombasa na kufika Kisumu mwaka 1901 ilikuwa imekwisha kuvuta biashara kusini, hivyo Lamu ikabaki na boriti za mikoko na nazi. Muungwana aliendelea kuwa na jina na nyumba, lakini fedha za kutengenezea paa hazikuwapo tena.

Hapo ndipo Unguja na Lamu zilipoachana. Unguja ilikuwa na karafuu, na karafuu ilimfanya mwenye shamba aendelee kuwa tajiri na mkulima asiye na ardhi aendelee kukaa shambani mwake kwa hisani, hadi siasa za vyama za mwaka 1957 na kuendelea zilipoigeuza hisani hiyo kuwa silaha ya kumfukuza. Katika uchaguzi wa Julai 1963 chama cha Afro-Shirazi kilipata takriban asilimia 54 ya kura, lakini wapinzani wake wakapata viti vingi zaidi na kuunda Serikali, ile iliyopinduliwa Januari 1964. Lamu haikuwa na utajiri wa kugombewa kiasi hicho.

Tena Lamu ilikuwa imepata mageuzi ya aina nyingine, na chanzo chake hakikuwa Serikali. Habib Saleh bin Alawi Jamalilil, sharifu aliyezaliwa Ngazija na kuhamia Lamu mwishoni mwa karne ya 19, alikaa Langoni, akawatibu na kuwasomesha watumwa na watoto wao elimu ya dini ambayo waungwana waliihesabu kuwa yao, kisha akajenga msikiti wa Riyadha, ambako Maulidi ya Habshi, kisomo cha kumsifu Mtume, yalisomwa kwa matari. Wakubwa wa mji walichukizwa na matari kuingia msikitini, na huenda walichukizwa zaidi na waliokuwa wakiyapiga. Kufikia 1935, Habib Saleh alipofariki, Riyadha ilikuwa kitovu cha elimu ya dini kwa wanafunzi wa pwani nzima. Isidhaniwe kwamba usawa ulikuwa umekamilika, kwa kuwa masharifu nao walipanda daraja, na katika ndoa nasaba iliendelea kuulizwa. Lakini mtu wa Langoni alikuwa amepata njia ya kupata heshima bila kumwondoa mtu wa Mkomani.

Waingereza waliuona utulivu huo na kuutumia. Baada ya hali ya hatari kutangazwa Kenya tarehe 20 Oktoba 1952, wafungwa wa Mau Mau, akiwemo mwandishi Gakaara wa Wanjau, waliwekwa kizuizini Takwa na Manda, ng'ambo ya mkondo mwembamba kutoka Lamu, na Serikali isingewapeleka wanamapinduzi mahali ambapo iliwahofia wenyeji wake. Hata mjadala wa Mwambao, yaani hatima ya ule ukanda wa maili 10 uliokuwa mali ya Sultani kwa jina, ulihusu bendera, makadhi na katiba, na ulimalizwa Oktoba 1963 kwa mapatano yaliyouingiza ukanda huo katika Kenya.

Suala ambalo mageuzi ya Riyadha hayakuweza kuligusa ni ardhi. Sheria ya hatimiliki ya 1908 ilimtaka kila mwenye kudai shamba la pwani alithibitishe, na lile lisilothibitishwa likawa milki ya Taji, yaani Serikali ya Mfalme wa Uingereza. Waliolima bara bila hati, wazao wa watumwa wakiwa miongoni mwao, walipoteza haki hapohapo. Unguja, Serikali ya Mapinduzi ilitaifisha ardhi yote Machi 1964 na kuwagawia wakulima eka tatu tatu. Lamu, milki ya Taji ilipita mikononi mwa Serikali ya Kenya, vita vya Shifta, yaani uasi wa Wasomali wa kaskazini-mashariki mwa Kenya katika miaka ya 1960, vikawakimbiza Wabajuni wengi, wenyeji wa pwani hiyo, kutoka vijiji vyao vya bara, na katika miaka ya 1970 Serikali ikapima viwanja vya mpango wa makazi Mpeketoni, huko bara, ambako wengi wa waliogawiwa walitoka nje ya pwani.