Uchongaji wa Mihuri ya Rangi Nyingi

Mwaka 1854 James Perrott, mwongozaji wa wasafiri kutoka Chagford, aliweka chupa chini ya rundo la mawe mahali paitwapo Cranmere Pool, katika nyika ya majimaji ya Dartmoor, kusini-magharibi ya Uingereza. Aliyefika huko kwa miguu aliacha ndani yake kadi yenye jina lake. Kutokana na desturi hiyo ulikua mchezo wa kusaka visanduku. Mtu huficha kisanduku chenye daftari na mhuri wa mpira, kisha hueleza njia kwa mafumbo. Anayekipata hupiga mhuri huo katika daftari lake, na mhuri wake mwenyewe katika daftari la kisanduku. Mchezo huu ulivuma Marekani baada ya gazeti la Smithsonian kuueleza mwaka 1998, na huko kuchonga mhuri kwa mkono ndiko kunakoheshimiwa kuliko kununua uliotengenezwa kiwandani.

Mtu aliyetembea saa nyingi matopeni hana zawadi nyingine ila ile chapa. Ikiwa mhuri ni wa rangi tatu na rangi moja imepogoka, anachokipata ni doa. Tatizo hilo ni la elimu ya maumbo na la mwanga kama lilivyo la ustadi wa mkono.

Kwanza, kifaa chenyewe. Mwaka 1770 Joseph Priestley aliandika kwamba utomvu mkavu wa mpira hufuta alama za kalamu ya risasi. Mpira huo ulilainika kwa joto na kukakamaa kwa baridi, mpaka Charles Goodyear alipogundua mwaka 1839 kuwa ukipashwa moto pamoja na salfa hutulia, kwani salfa hufunga minyororo ya molekuli zake isiteleze. Hata hivyo, raba nyeupe ambazo wachongaji wengi huzipenda si mpira hasa. Ni plastiki ya kloridi ya polivinili iliyolainishwa kwa kimiminiko cha mafuta. Kimiminiko hicho huhama polepole na kuingia katika plastiki nyingine, na ndiyo sababu raba iliyosahauliwa ndani ya kibweta cha plastiki hugandamana nacho. Mhuri wa namna hiyo hufungwa kwa karatasi.

Picha huchorwa kwa kalamu ya risasi laini, karatasi hulazwa kifudifudi juu ya raba na kusuguliwa kwa mgongo wa kijiko. Risasi huhamia kwenye raba ikiwa imegeuzwa kushoto-kulia, na mhuri unapopigwa hugeuka tena na kusomeka sawasawa. Mchongaji huondoa sehemu zisizotakiwa wino kwa patasi ndogo yenye makali ya umbo la V. Hapana budi kingo za mstari ziteremke kwa nje, kama mlima wenye kitako kipana. Mstari uliochimbwa chini yake husimama kama ukuta usio na msingi: ukikandamizwa hulala upande, na chapa hutoka nene mahali palipotakiwa wembamba. Penye kona, fundi huzungusha raba. Mkono wenye patasi hautikisiki.

Kwa rangi nyingi, kila rangi huwa na kipande chake. Kipande cha mistari myeusi huchongwa kwanza. Hupigwa kwa wino mbichi juu ya plastiki laini, na kabla wino haujakauka raba isiyochongwa hukandamizwa papo hapo. Hivyo raba ya pili hupata mistari ile ile bila kuchorwa upya, na fundi huondoa kila kitu isipokuwa mahali pa rangi yake.

Wino ukiwa wa kupitisha mwanga, rangi huzaliana. Wino wa manjano humeza mwanga wa buluu, na wino wa buluu humeza mwanga mwekundu. Zikilazwa moja juu ya nyingine, mwanga unaosalia ni wa kijani. Kwa vipande viwili hupatikana rangi tatu, na kwa vipande vitatu hupatikana saba, bila kuhesabu weupe wa karatasi. Aghalabu rangi nyepesi hutangulia na nyeusi hufuata.

Ugumu mkubwa uko katika kuoanisha tabaka. Aliyewahi kununua kanga ambayo nyeusi yake imeikimbia nyekundu anaufahamu ubaya wake. Mafundi wa Japani walikabili jambo hilo katika picha za rangi nyingi zilizopata umaarufu mwaka 1765 kwa kazi za Suzuki Harunobu. Kila ubao ulichongwa alama mbili ziitwazo kento, moja ya pembe na nyingine ya mstari mnyoofu, na karatasi ilisukumwa hadi ikagota. Alama ya pembe huizuia isihame. Ile ya pili huizuia isizunguke. Kuzunguka ndiko kunakodanganya zaidi, kwani kosa hukua kadiri ya umbali: mhuri wa sentimita 6 ukipinda nusu digrii tu, ncha yake ya mbali huhama takriban nusu milimita.

Mchonga mihuri hutumia kanuni ile ile. Hukata vipande vyote kwa kipimo kimoja, kisha huvisukuma kimoja baada ya kingine katika kona ya vibao viwili vilivyounganishwa kwa nyuzi 90. Kona hiyo hiyo hutumika wakati wa kunakili mistari, la sivyo haifai kitu.

Bado kosa dogo halikwepeki, hasa mkononi mwa mgeni aliyechuchumaa juu ya jiwe, karatasi ikinywa unyevu na kutanuka. Kwa hiyo fundi mwenye busara hulipangia kosa mahali pake. Mstari mweusi ukiwa na unene wa milimita 1, naye akaikomesha rangi katikati ya mstari huo, tabaka laweza kuhama karibu nusu milimita upande wowote na jicho lisione. Mistari ya unywele hupendeza mezani, lakini haina pa kuficha kitu. Wengi hukomea vipande vitatu, nao huandika nyuma ya kila kimoja namba ya zamu yake na mshale unaoonyesha upande wa juu, maana anayevikuta kisandukuni hana wa kumwuliza.