Mlinzi wa Msitu katika Nchi ya Wazigua: Asili na Maana ya Jina Woodward

Mwaka 1902, mwaka ambao reli kutoka Tanga ilifika Korogwe, kulichapwa huko Msalabani, Magila, kitabu cha mwongozo wa lugha ya Kizigua. Mtungaji wake alikuwa H. W. Woodward, kasisi wa misheni ya UMCA, ambaye mwaka 1882 alikwisha kutoa kitabu cha namna hiyo juu ya Kibondei. Mkusanyaji huyu wa maneno ya wenyeji alikuwa amebeba katika jina lake mwenyewe neno kongwe linalostahili kuchunguzwa.

Mwanafunzi wa Manundu aliyejifunza Kiingereza shuleni aghalabu ataligawa jina hilo hivi: "wood", yaani msitu, na "-ward", yaani kuelekea, kama katika "homeward". Atahitimisha kuwa maana yake ni "aelekeaye msituni". Uchanganuzi huo una mantiki, lakini si sahihi. Katika Kiingereza cha Kale jina hili ni muungano wa "wudu", msitu, na "weard", mlinzi. Katika Zama za Kati "woodward" alikuwa ofisa aliyezuia miti isikatwe ovyo na wanyama wasiwindwe bila idhini ya bwana wa ardhi. Baada ya mwaka 1066 majina ya kazi yalianza kurithiwa taratibu, na ilipofika takriban mwaka 1400 familia nyingi za Uingereza zilikuwa na majina ya ukoo ya kudumu. Hivyo mjukuu wa mlinzi wa msitu aliitwa Woodward hata kama yeye alikuwa mwoka mikate. Maana ya jina la ukoo, basi, ni habari ya babu, wala si sifa ya mjukuu.

Neno "weard" limeacha alama kwingineko pia. Hayward alikuwa mlinzi wa ua la mashamba. Edward, jina la Askofu Steere aliyeandika sarufi ya Kiswahili, ni "mlinzi wa mali". Kata, kama ilivyo Manundu, kwa Kiingereza huitwa "ward", neno la asili hiyo hiyo. Nalo ndilo lililotupatia "wodi" ya hospitali. Hata "gadi" wa treni ni wa ukoo huo, kwa kuwa "guard" ilipitia Kifaransa kutoka shina lile lile la Kijerumani cha kale.

Funzo lililopo hapa linawahusu moja kwa moja wachunguzi wa majina ya Korogwe na Handeni. Wasambaa, Wazigua na Wabondei wana majina mengi yaanzayo na She- au Se-, kiambishi chenye maana ya "baba wa". Asomaye jina Shekilango, maarufu kwa barabara ya Dar es Salaam, huona upesi neno la Kiswahili "kilango", akaridhika. Kosa lake ni lile lile la "aelekeaye msituni": kulifasiri jina kwa lugha aijuayo msomaji, badala ya lugha iliyolizaa. Jina la namna hiyo sharti lipimwe kwanza kwa msamiati wa lugha ya wenyewe na kwa simulizi za wazee wa ukoo, ambao hupungua kila mwaka. Kwa upande wa msamiati, mojawapo ya nyenzo za mwanzo ni kitabu kile cha mwaka 1902, alichokiacha mtu aliyeitwa mlinzi wa msitu.